Kura ya Askari Aliye Lindoni



Kila uchaguzi unapokaribia katika nchi za jirani, husikika habari za namna moja. Tunaambiwa kwamba kura za mapema zimekwisha kupigwa. Kwamba watumishi wa ulinzi wametangulia kabla ya raia. Kwamba raia walioko ng'ambo wamepanga misururu tangu alfajiri mbele ya ofisi za balozi zao. Na kabla wino haujakauka vidoleni, kila chama huinuka kudai kwamba wingi ule ni ushahidi wa mapenzi ya watu kwake. Waliojitokeza wakiwa wachache, wapinzani wake husema kwamba chama kile kimechokwa.

Wazee wetu walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Walinena kweli. Lakini mkulima yeyote anajua kwamba yako mawingu yapitayo bila kudondosha hata tone, na iko mvua inyeshayo usiku wakati hakuna aliyekuwa akitazama mbingu. Mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo hilo: kura ya mapema na kura ya mtu aliye mbali hutufunulia nini juu ya bidii ya wafuasi wa chama, na haiwezi kutufunulia nini.

Jambo hili linawahusu ninyi askari kuliko watu wengine wote. Katika historia ya chaguzi, mtu aliyefanya kura ya mbali ibuniwe hakuwa mfanyabiashara aliye safarini, wala mwanafunzi wa ng'ambo. Alikuwa askari. Yeye ndiye raia ambaye taifa lilimpeleka mbali na kituo chake cha kura, kisha likalazimika kujiuliza kama kwa kumpeleka huko lilikuwa limemvua uraia wake.

Swali hilo liliulizwa kwa uzito huko Marekani wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoanza mwaka 1861 na kumalizika mwaka 1865. Mwaka 1864 ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa Rais, na mamia ya maelfu ya wapiga kura walikuwa kambini. Majimbo 19 ya upande wa Kaskazini yalitunga sheria za kuwawezesha askari kupiga kura wakiwa vitani. Mengine yalikataa, Indiana likiwa mojawapo, nayo mabunge yaliyokataa aghalabu yalikuwa mikononi mwa chama cha Democrat, ambacho kilihofu kwamba kambi zingemwelekea Rais Abraham Lincoln.

Hata hivyo, mgombea wa chama hicho cha Democrat alikuwa Jenerali George McClellan, aliyewahi kuliongoza jeshi kubwa la Kaskazini na kupendwa mno na askari wake. Wengi walidhani kwamba askari wangemfuata jemadari wao wa zamani. Kura zilipohesabiwa, katika yale majimbo yaliyozihesabu kura za askari peke yake, Lincoln alipata kura 119,754 na McClellan kura 34,291. Ni sawa na askari 78 hivi katika kila 100 waliopiga kura, ilhali katika nchi nzima Lincoln alipata 55 tu katika kila 100. Chama cha McClellan kilikuwa kimetangaza katika mkutano wake wa Chicago, mwezi wa Agosti mwaka ule, kwamba vita vimeshindwa na kwamba yapasa kutafuta amani. Askari waliokwisha kuwazika wenzao hawakukubali kuambiwa kwamba damu ile ilimwagika bure. Walimpenda jemadari, lakini hawakuipenda sera iliyosimama nyuma yake.

Tukiishia hapo, tungesema kwamba kura ya askari ilifunua bidii ya kweli, na kwa sehemu kubwa tungekuwa tumesema sawa. Lakini historia ina upande wa pili. Wanahistoria wa siku hizi wamechunguza nyaraka za jeshi lile na kuonyesha kwamba baadhi ya maofisa walifukuzwa kwa sababu ya kauli zao za kisiasa, na kwamba askari wengi waliokuwa na mawazo tofauti waliona ni salama zaidi kutopiga kura kabisa. Kwa hiyo ile hesabu ya 78 katika 100 ilikuwa na mambo mawili ndani yake: imani ya waliopiga kura, na kimya cha waliojizuia. Anayeisoma hesabu ile bila kukitafuta kimya kile amesoma nusu ya ukurasa.

Mwaka huo huo ulitupatia mfano mwingine unaofaa kukumbukwa na kila kamanda. Kwa kuwa sheria ya Indiana haikuwaruhusu askari kupiga kura vitani, Lincoln alimwandikia Jenerali William Sherman, aliyekuwa ameuteka mji wa Atlanta siku chache kabla. Alimwomba awaache askari wa Indiana waende nyumbani kupiga kura katika uchaguzi wa jimbo wa mwezi wa Oktoba, kwa kadiri usalama wa jeshi utakavyoruhusu. Alieleza waziwazi kwamba barua ile haikuwa amri. Ni kweli kwamba Lincoln alikuwa na faida yake katika jambo lile, maana chama chake kilizihitaji kura za Indiana. Lakini hata mtu mwenye mamlaka ya Amiri Jeshi Mkuu, katikati ya vita, alitambua kwamba uko mpaka baina ya amri ya jeshi na kura ya askari.

Sasa tutazame mwaka 1945. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imemalizika Ulaya, lakini bado iliendelea Asia. Uingereza ilifanya uchaguzi tarehe 5 Julai. Kwa ajili ya askari waliotawanyika duniani, ambao walipiga kura kwa posta au kwa kupitia mtu waliyemteua nyumbani, masanduku yalitiwa lakiri na kungojewa kwa muda wa majuma matatu. Katika majuma yale waziri mkuu Winston Churchill alihesabiwa na wengi kuwa mshindi, maana kila alikopita umati ulimshangilia. Tarehe 26 Julai masanduku yalifunguliwa, na chama cha Labour kikapata viti 393 katika Bunge la viti 640. Clement Attlee akachukua nafasi ya Churchill hata kabla ya mkutano wa wakubwa wa Potsdam kumalizika. Wale waliokuwa wakipima bidii kwa vifijo vya barabarani hawakuzisikia kura zilizokuwa zikisafiri katika mifuko ya posta. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Ndugu askari, habari hiyo ya mwaka 1945 ina ukurasa wetu pia. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa imepigana katika bonde la Kabaw huko Burma wakati wa masika makali ya mwaka 1944, na kufika Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin, mwezi wa Desemba. Humo walikuwamo askari wa King's African Rifles kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, pamoja na wenzao wa Rhodesia ya Kaskazini. Walikula vumbi moja na tope moja na maofisa wao Waingereza. Lakini ulipofika wakati wa kuchagua serikali ambayo ingewatawala wote, ofisa alikuwa na kura, na askari aliyembeba ofisa huyo alipojeruhiwa hakuwa nayo. Waafrika wa Kenya hawakuwachagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria mpaka mwaka 1957. Huku Tanganyika uchaguzi wa kwanza wa namna hiyo ulifanyika kwa awamu mbili, mwaka 1958 na mwaka 1959, tena kwa masharti ya kipato, elimu au cheo.

Tunayakumbuka hayo ili ieleweke kwamba karatasi ya kura mkononi mwa askari wa Afrika si zawadi ya chama chochote. Ni haki iliyochelewa kufika. Kwa hiyo anayeichezea haki hiyo, ama kwa kumnyima askari, ama kwa kumsimamia anapoitumia, amerudi katika njia ya wakoloni hata akiwa amevaa sare ya taifa huru.

Tutazame sasa nchi za ukanda wetu, tukianza na Zimbabwe. Mwaka 2013 Zimbabwe iliweka kura maalumu kwa ajili ya polisi, askari na watumishi wengine ambao wangekuwa kazini siku ya uchaguzi, tarehe 31 Julai. Kura hiyo ilipangwa kupigwa tarehe 14 na 15 Julai. Watu zaidi ya 63,000 waliidhinishwa. Waliofaulu kupiga kura walikuwa 37,000 na ushei. Wengine zaidi ya 26,000 walikosa. Mtu wa mbali akipewa tarakimu hizo tu, bila shaka atasema kwamba askari wa Zimbabwe walikuwa wamepoa na hawakuwa na hamu na uchaguzi. Kumbe sivyo. Askari walifika vituoni, wakangoja mchana kutwa, na wengine mpaka usiku. Kilichokosekana ni karatasi za kura, ambazo hazikuwa zimechapishwa na kusambazwa kwa wakati. Tume ya uchaguzi iliomba radhi, na Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba waliokosa waruhusiwe kupiga kura tarehe 31 pamoja na raia wengine.

Hapa pana fundisho la kwanza. Tarakimu ya kura za mapema inaweza kupima kazi ya mpiga chapa na dereva wa lori kabla haijapima moyo wa mpiga kura.

Fundisho la pili linatoka katika nchi hiyo hiyo, nalo ni zito zaidi. Katika duru ya pili ya uchaguzi wa mwaka 2008, watetezi wa haki za binadamu walieleza kwamba polisi na askari walitakiwa kujaza karatasi zao za kura ya posta mbele ya wakubwa wao. Mwaka 2018 malalamiko ya namna hiyo yalizuka tena kuhusu kambi ya polisi ya Ross mjini Bulawayo, ingawa tume ya uchaguzi ilikana kwamba kulikuwa na kosa. Hatukai hapa kama mahakama ya kuamua nani alisema kweli. Tunasema tu kwamba pale ambapo shaka hiyo imeingia, hesabu ya kura imepoteza maana. Kikosi kikipiga kura kwa asilimia 100 mbele ya macho ya mkubwa, kilichopimwa ni utii. Na utii ni sifa njema ya askari katika gwaride na katika mapambano, lakini hauna kazi ndani ya kibanda cha kura.

Tukienda Kenya tunakuta mfano wa namna nyingine. Katiba yao ya mwaka 2010 inatambua haki ya Wakenya walioko nje kuandikishwa na kupiga kura, lakini hatua kwa hatua. Mwaka 2013 waliruhusiwa wale walioko katika nchi nyingine za Jumuiya ya Afrika Mashariki tu, na walioandikishwa hawakuzidi elfu chache. Mwaka 2017 Afrika Kusini iliongezwa. Mwaka 2022 nchi zilifika 12, na walioandikishwa wakawa 10,443. Je, bidii ya Wakenya wa ng'ambo ilipanda ghafla? Huenda ilipanda kidogo. Lakini lililo dhahiri ni kwamba milango iliongezeka. Mtu anayehesabu wapitao mlangoni sharti kwanza ahesabu milango.

Afrika Kusini inatupa fundisho la tatu. Katika uchaguzi wa mwezi wa Mei mwaka 2024, raia walioko nje walipiga kura tarehe 17 na 18, wenye kura maalumu nchini wakapiga tarehe 27 na 28, na umma kwa jumla tarehe 29. Watu walioona misururu ya London waliona bidii kubwa, na bidii hiyo ilikuwa ya kweli. Katika kura za ng'ambo chama cha Democratic Alliance kiliongoza kwa mbali. Lakini katika nchi nzima kilipata asilimia 21.8 tu, nacho chama cha ANC, ingawa kilipoteza wingi wake wa tangu mwaka 1994, kilibaki cha kwanza kwa asilimia 40. Walio mbali ni sehemu ya taifa, lakini si kioo cha taifa. Aliyeweza kusafiri na kuishi ng'ambo mara nyingi hafanani kwa kipato wala kwa makazi na aliyebaki kijijini.

Na ili tusidhani kwamba ni Afrika tu inayojikwaa katika mambo haya, turudi Marekani ya karne hii. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, zaidi ya watu milioni 100 walipiga kura kabla ya siku yenyewe, ama kwa posta, ama kwa kufika vituoni mapema. Wafuasi wa chama cha Democrat walitangulia kwa wingi katika kura za posta. Wafuasi wa Republican walikuwa wameambiwa na kiongozi wao, Donald Trump, kwamba kura za posta si za kuaminiwa. Basi wengi wao wakangoja siku ya uchaguzi. Aliyetazama hesabu za mapema peke yake angesema kwamba Republican wamelala. Hawakuwa wamelala. Trump alipata kura zaidi ya milioni 74, ingawa alishindwa na Joe Biden aliyepata milioni 81. Kisha, kwa kuwa katika majimbo kama Pennsylvania kura za posta zilihesabiwa baada ya zile za vituoni, usiku wa kwanza ulionyesha sura moja na siku zilizofuata zikaonyesha nyingine. Wasioelewa mpangilio ule wakaaminishwa kwamba pana wizi, na chuki iliyotokana na imani hiyo iliwafikisha watu mpaka ndani ya Bunge lao tarehe 6 Januari 2021, ambako polisi wengi walijeruhiwa.

Mwaka 2024 chama hicho cha Republican kiligeuza maagizo na kuwahimiza watu wake kupiga kura mapema. Hesabu zao za mapema zikapanda, na mgombea wao akashinda. Je, kupanda kule kulitabiri ushindi? Kwa sehemu tu, kwani wengi wa waliotangulia walikuwa watu wale wale waliopiga kura siku ya uchaguzi miaka minne kabla. Kuhamisha siku si kuongeza watu. Shamba lililovunwa Jumamosi badala ya Jumatatu halikuzaa magunia zaidi.

Basi, ndugu wasikilizaji, kura ya mapema hufunua nini? Hufunua mambo matatu kabla haijafunua bidii. La kwanza ni ruhusa: nani sheria imemfungulia mlango. La pili ni maandalizi: karatasi, masanduku, magari, na uwezo wa chama kuwafikia watu wake nyumba kwa nyumba. La tatu ni maagizo: chama kimewaambia watu wake watangulie au wangoje. Mambo hayo yakiwa yamefanana katika chaguzi mbili zinazofuatana, na kura ikiwa imepigwa kwa siri, hapo ndipo ongezeko au upungufu unapoweza kutueleza jambo juu ya mioyo ya watu. Wasomaji wa matokeo wasiopitia hatua hizo hupiga ramli kwa tarakimu.

Kwa upande wa askari, sharti la siri lina uzito wa pekee. Kura za kambi zikihesabiwa na kutangazwa peke yake, kila mtu atajua kambi fulani ilikipa chama gani kura. Chama kitakachoshinda bila kura hizo kitaitazama kambi ile kwa jicho la shaka, na kitakachoshinda kwazo kitasema kambi ni yake. Ndiyo maana tunaupenda utaratibu wa Ghana. Mwaka 2016 walinzi wa usalama na watumishi wa uchaguzi walipiga kura maalumu tarehe 1 Desemba. Masanduku yakatiwa lakiri na kuhifadhiwa, kisha kura zikahesabiwa pamoja na za raia baada ya uchaguzi wa tarehe 7. Rais John Mahama, aliyekuwa madarakani, alishindwa na Nana Akufo-Addo. Hakuna aliyeweza kunyosha kidole kwenye kambi fulani na kusema ninyi ndio mliomwangusha.

Huko Zanzibar nako Sheria ya Uchaguzi Namba 4 ya mwaka 2018 ilileta kura ya mapema kwa walinzi na watumishi wa uchaguzi, nayo ilipigwa tarehe 27 Oktoba 2020, siku moja kabla ya siku ya wote. Upinzani uliipinga kwa hofu ya usalama wa kura. Hofu ya namna hiyo, popote inapozuka, haiondolewi kwa kelele wala kwa ukali. Huondolewa kwa lakiri inayoonekana, wakala anayeruhusiwa kukaa, na mlinzi asiyekuwa na lolote la kuficha.

Mlinzi huyo ni wewe, ndugu askari. Siku ya uchaguzi unasimama mahali pawili kwa wakati mmoja: wewe ni mpiga kura mwenye mawazo yako, na wewe ni bawabu wa kura za wale usiokubaliana nao. Unapotumbukiza karatasi yako, hakuna nyota wala tepe inayopaswa kukuinamia begani ili kuona ulipoweka alama. Na unapokwisha, urudi kwenye lindo lako ukiwatazama waliopanga msururu bila kuuliza wamevaa rangi gani.

Kamanda naye ana kazi moja tu katika jambo hili, nayo ni kumpa askari nafasi ya kwenda. Akishamwachia aende, asimfuate. Vyama vibaki na kazi ya kupima bidii ya wafuasi wao, na vikikosea katika kupima hasara ni yao. Lakini jeshi na polisi vikianza kupimwa kama wafuasi wa chama, hasara ni ya nchi nzima, maana siku ya mgogoro hakutabaki mtu wa kuaminiwa na pande zote mbili.